Kuondoa rehani ya zamani kwenye hatimiliki

Kuondoa rehani kwenye hatimiliki (pia: kukomboa rehani ya ardhi) ni utaratibu wa kisheria wa kufuta katika daftari la ardhi maandishi yanayoonyesha kwamba shamba, kiwanja au nyumba iliwekwa dhamana ya mkopo. Utaratibu huu huhitajika hasa pale mwenye mali anapotaka kuuza, kugawa au kurithisha mali hiyo.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa rehani ya ardhi, kulipa peke yake hakutoshi. Deni huisha katika vitabu vya mkopeshaji, lakini rehani huisha katika daftari la msajili wa ardhi. Ndiyo maana familia inaweza kumaliza kulipa mkopo na kukaa miaka 30 bila kudaiwa chochote, kisha ikagundua siku ya kuuza kwamba daftari bado linaonyesha rehani ya benki ambayo jina lake halipo tena.

Makala hii inaeleza hasa utaratibu wa Kenya, pamoja na maelezo mafupi kuhusu Tanzania Bara.

Rehani katika daftari la ardhi

Katika rehani kuna pande mbili. *Mweka rehani* ni mwenye ardhi anayeitoa kuwa dhamana. *Mshika rehani* ni anayekopesha, kwa mfano benki, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, shirika la serikali au mtu binafsi. Mweka rehani anaweza kuwa ndiye mkopaji, au anaweza kuwa ametoa ardhi yake kumdhamini mtu mwingine, kama mzazi anayemdhamini mtoto wake katika biashara.

Nchini Kenya rehani ya ardhi inaongozwa na Sheria ya Ardhi (Na. 6 ya 2012) na Sheria ya Usajili wa Ardhi (Na. 3 ya 2012). Kwa sheria hizi rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Mweka rehani anabaki kuwa mwenye ardhi, anaweza kuishi humo na kulima, lakini haki yake ina mzigo juu yake. Mzigo huo unafuata ardhi. Ardhi ikihamia kwa mtu mwingine bila rehani kufutwa, mwenye ardhi mpya anaipokea pamoja na rehani yake.

Daftari la kila kipande cha ardhi, ambalo kwa muda mrefu lilijulikana Kenya kama "kadi ya kijani", lina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe: namba yake, ukubwa wake na ramani inayohusika. Ya pili inaonyesha mwenye ardhi. Ya tatu inaonyesha mizigo iliyo juu ya ardhi hiyo, na humo ndimo rehani inamoandikwa. Rehani hukamilika inaposajiliwa katika sehemu hiyo ya tatu. Vivyo hivyo, huondoka pale tu msajili anapoandika kwamba imefutwa.

Rehani isichanganywe na *tahadhari*. Tahadhari ni ilani inayowekwa katika daftari na mtu anayedai kuwa na haki fulani juu ya ardhi, ili isiuzwe kabla ya dai lake kusikilizwa. Tahadhari na rehani huonekana katika sehemu moja ya daftari, lakini huondolewa kwa njia tofauti.

Asili ya sheria

Kabla ya mwaka 2012 Kenya ilikuwa na sheria kadhaa za usajili wa ardhi zilizotumika kwa wakati mmoja. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilihusu ardhi ya pwani. Sheria ya Usajili wa Hatimiliki ya mwaka 1920 ilifuata mfumo wa Torrens ulioanzishwa Australia Kusini mwaka 1858. Sheria ya Uhamishaji Mali ya India ya mwaka 1882, iliyoletwa na utawala wa Waingereza, iliongoza rehani nyingi za mijini. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilitumika hasa katika mashamba yaliyopimwa na kugawiwa wenyeji.

Tofauti hizo bado zina maana kwa mwenye rehani ya zamani. Chini ya sheria ya India, hati ya kumaliza rehani ilihesabiwa kuwa ni kumrudishia mwenye mali haki iliyokuwa imehamishiwa kwa mkopeshaji. Chini ya sheria ya 1963 ilikuwa ni kuondoa mzigo tu. Kwa hiyo hati za zamani zinazokutwa katika masanduku ya wazee hazifanani kwa jina wala kwa maneno, ingawa kusudi lao ni moja. Sheria za 2012 zilifuta mfumo huo wa sheria nyingi, lakini haki na rehani zilizokuwa zimesajiliwa awali ziliendelea kutambuliwa.

Kwa nini rehani hubaki baada ya deni kulipwa

Sababu za kawaida ni hizi:

* *Hati ya kuondoa rehani haikupelekwa kusajiliwa.* Mkopeshaji alitia sahihi na kumkabidhi mkopaji karatasi zake pamoja na hatimiliki. Mkopaji akaona kazi imekwisha, akazifungia kabatini.
* *Mkopaji hakuomba hati.* Alimaliza kulipa, akapewa risiti ya mwisho, na hatimiliki ikabaki benki.
* *Mkopeshaji alibadilika.* Benki huungana, huuzwa au hubadili jina. Kwa mfano, Savings and Loan Kenya iliunganishwa na benki ya KCB mwaka 2010. Commercial Bank of Africa na NIC ziliungana kuwa NCBA mwaka 2019. Na Barclays Bank of Kenya ikawa Absa Bank Kenya mwaka 2020. Daftari la ardhi halibadiliki lenyewe kufuata mabadiliko hayo.
* *Mkopeshaji alifilisika.* Benki inapofungwa, mali na madai yake huwa chini ya mfilisi.
* *Mweka rehani alifariki* kabla ya kukamilisha utaratibu, na warithi hawakujua kuwa kulikuwa na rehani.
* *Ardhi ilitolewa katika mpango wa makazi.* Kuanzia miaka ya 1960, serikali ya Kenya ilinunua mashamba ya walowezi wa Kizungu na kuyagawa kwa wananchi kwa mkopo. Mkopo huo ulisimamiwa na Wadhamini wa Mfuko wa Makazi. Familia nyingi zilizopata ardhi kwa njia hiyo zilitakiwa kulipa kwa awamu kwa miaka mingi, na bila kumaliza mkopo na kupewa hati ya kuondoa rehani, haziwezi kuuza wala kugawa ardhi kisheria.

Hatua za kuondoa rehani

*1. Upekuzi rasmi.* Hatua ya kwanza ni kuomba upekuzi rasmi wa daftari, ambao wengi huuita "sachi" tu. Ombi hupelekwa katika ofisi ya ardhi inayohusika au kupitia mtandao. Mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021, ukianzia Nairobi. Cheti cha upekuzi huonyesha jina la mwenye ardhi, jina la mshika rehani, tarehe ya usajili na kiasi cha mkopo. Hatimiliki iliyo mkononi haitoshi, kwa sababu huenda haionyeshi yaliyoandikwa katika daftari baada ya kutolewa kwake. Kama zipo rehani mbili au zaidi, kila moja inahitaji hati yake ya kuondolewa.

*2. Kumtambua mshika rehani wa leo.* Kama benki ilibadilika jina au iliungana na nyingine, ombi hupelekwa kwa benki iliyorithi haki zake. Benki hiyo huambatanisha ushahidi wa mabadiliko, ili msajili aridhike kwamba anayetia sahihi leo ndiye mwenye haki ya yule aliyeandikwa zamani. Kama benki ilifungwa na kuwekwa chini ya ufilisi, anayehusika ni mfilisi, ambaye kwa mabenki ya Kenya ni Shirika la Bima ya Amana. Kwa ardhi ya mipango ya makazi, ombi huenda katika idara ya serikali inayosimamia makazi, kwa niaba ya mfuko uliorithi kazi ya wadhamini wa zamani.

*3. Kuthibitisha hesabu.* Mwenye ardhi humwomba mshika rehani taarifa ya maandishi ya kiasi kinachodaiwa, hata kama ana hakika kwamba hadaiwi. Risiti, vitabu vya benki na barua za zamani hutumika kama ushahidi. Kama kuna deni lililosalia, inafaa kukagua riba. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007, kinaweka kikomo kwa mikopo ya benki isiyolipwa: riba inayodaiwa haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kinadaiwa wakati mkopo ulipoacha kulipwa. Kwa mfano, kama wakati huo zilibaki shilingi 200,000, riba haiwezi kupita shilingi nyingine 200,000, ingawa benki inaweza kuongeza gharama za kufuatilia deni. Mikopo iliyoacha kulipwa kabla ya tarehe hiyo ina namna yake ya kuhesabiwa katika kifungu hichohicho.

*4. Kutia sahihi hati ya kuondoa rehani.* Deni likishalipwa, mshika rehani hutia sahihi hati inayosema kwamba ardhi imeachiliwa. Sheria inamlinda mweka rehani katika jambo hili: akilipa yote anayodaiwa kabla mali haijauzwa na mkopeshaji, ana haki ya kuondolewa rehani, na mkataba hauwezi kumnyima haki hiyo.

*5. Kusajili.* Hati hupelekwa kwa msajili wa ardhi pamoja na hatimiliki na malipo yanayotakiwa. Msajili hufuta rehani katika sehemu ya tatu ya daftari. Baada ya hapo ni vema kuomba upekuzi mara ya pili. Cheti cha upekuzi huo, kisichoonyesha mzigo wowote, ndicho uthibitisho kwamba kazi imekwisha.

Hali zenye ugumu

*Hati ya zamani imepotea.* Kama mshika rehani yupo, anaweza kutoa hati nyingine baada ya kukagua kumbukumbu zake. Kama hatimiliki yenyewe ndiyo iliyopotea, mwenye ardhi huomba nyingine kwa msajili akiwa na kiapo na ushahidi wa kupotea kwake. Tangazo hutolewa kwa umma, na hatimiliki mpya inaweza kutolewa baada ya siku 60 tangu tangazo hilo.

*Mweka rehani amefariki.* Warithi hawawezi kuuza ardhi kwa sababu tu wao ni watoto wa marehemu. Lazima kwanza mahakama imteue msimamizi wa mirathi kwa mujibu wa Sheria ya Urithi. Msimamizi ndiye anayezungumza na mshika rehani, kulipa deni la marehemu kutoka katika mali yake, kupokea hati na kuisajili. Kuacha jambo hili kwa vizazi viwili au vitatu huongeza idadi ya warithi wanaopaswa kukubaliana, na hapo kazi ya miezi huwa ya miaka.

*Mshika rehani hapatikani.* Hali hii hutokea zaidi pale mkopeshaji alipokuwa mtu binafsi aliyehama au kufariki, au kampuni iliyofutwa. Sheria ya mwaka 1963 tayari iliweka njia kwa hali hiyo: mweka rehani aliweza kuweka kwa msajili kiasi anachodaiwa, kikatunzwa kwa ajili ya mwenye haki, na msajili akaifuta rehani. Kama kuna mgogoro juu ya deni, au kama ushahidi hautoshi, njia iliyobaki ni kwenda mahakamani kuomba amri ya kufuta rehani.

*Deni ni la zamani mno.* Sheria ya Ukomo wa Mashauri inasema kwamba shauri la kudai fedha zilizolindwa kwa rehani haliwezi kufunguliwa baada ya miaka 12 tangu haki ya kuzidai ilipoanza. Malipo kidogo au barua ya kukiri deni huanzisha hesabu upya. Watu wengine hudhani kwamba miaka 12 ikipita rehani hujifuta. Si hivyo. Maandishi ya daftari hubaki mpaka yaondolewe kwa hati ya mshika rehani au kwa amri ya mahakama.

Kuuza wakati deni bado lipo

Si lazima muuzaji awe na fedha za kumaliza deni kabla ya kuuza. Utaratibu wa kawaida ni kulipa deni kutokana na bei ya mali yenyewe, kwa usimamizi wa mawakili wa pande zote.

Tuseme kiwanja kinauzwa kwa shilingi 6,000,000, na benki inadai shilingi 1,500,000. Mnunuzi hutoa arubuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, yaani shilingi 600,000, na wakili wa muuzaji huitunza. Salio ni shilingi 5,400,000. Benki ya muuzaji haitaki kuachia hatimiliki kabla ya kulipwa, na mnunuzi hataki kulipa kabla ya kuona hatimiliki. Fundo hili hufunguliwa kwa *ahadi ya wakili*: wakili wa mnunuzi, au benki inayomkopesha mnunuzi, huiahidi benki ya muuzaji kwa maandishi kwamba shilingi 1,500,000 zitalipwa moja kwa moja kwake baada ya usajili. Wakili anayevunja ahadi ya namna hiyo anaweza kulazimishwa na mahakama kuitimiza na pia kuchukuliwa hatua za nidhamu. Ndiyo sababu benki huikubali.

Hati husajiliwa kwa mpangilio: kwanza ya kuondoa rehani ya zamani, kisha ya kuhamisha umiliki, na mwisho rehani mpya kama mnunuzi naye amekopa. Benki hupata shilingi 1,500,000, na muuzaji hupata shilingi 3,900,000 pamoja na ile arubuni, kabla ya kutoa kodi na ada. Kodi ya faida ya kuuza mali, ambayo imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023, hulipwa na muuzaji. Ushuru wa stempu wa uhamisho, asilimia 4 kwa mali ya mjini na asilimia 2 kwa mali ya mashambani, hulipwa na mnunuzi.

Hatari kwa mnunuzi

Mnunuzi anayelipa bei yote mkononi mwa muuzaji kwa sababu ameambiwa "lile deni lilikwisha zamani" anajiweka hatarini. Kama deni halikwisha, mshika rehani bado ana haki juu ya ardhi. Deni lisipolipwa baada ya ilani zinazotakiwa na sheria, anaweza kuiuza, na mnunuzi atabaki na madai dhidi ya muuzaji aliyekwisha tumia fedha. Hata kama deni lilikwisha kweli, kumpata mtu wa kutia sahihi kunaweza kuchukua muda mrefu, na gharama humwangukia yule aliye na haraka zaidi.

Kwa sababu hiyo mikataba mizuri ya mauzo husema wazi kwamba muuzaji ataondoa rehani kwa gharama yake, hutaja tarehe ya mwisho, na hueleza kwamba arubuni itarudishwa ikiwa atashindwa.

Tanzania Bara

Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu humiliki haki ya kuitumia ardhi, kwa kipindi kinachoweza kufikia miaka 99 kwa hati ya serikali, na haki hiyo ndiyo inayowekwa rehani. Sheria kuu ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 (Sura ya 113), iliyoanza kutumika Mei 2001, pamoja na Sheria ya Usajili wa Ardhi (Sura ya 334). Kama Kenya, rehani ni dhamana tu, huandikwa katika daftari la msajili wa hati, na hufutwa kwa hati iliyotiwa sahihi na mshika rehani na kusajiliwa.

Tatizo la rehani za zamani linajulikana huko pia. Benki ya Nyumba Tanzania (THB), iliyokuwa ikikopesha wananchi kujenga nyumba, ilifungwa mwaka 1995. Benki ya Taifa ya Biashara (NBC), iliyoundwa baada ya mabenki kutaifishwa mwaka 1967, iligawanywa mwaka 1997, na benki ya NMB ikatokana na mgawanyo huo. Mwenye nyumba aliyekopa kabla ya mabadiliko hayo hulazimika kwanza kujua ni chombo gani kilichorithi mkopo wake, ndipo aombe hati ya kuondoa rehani.

Tazama pia

* Rehani
* Hatimiliki
* Mirathi
* Mfumo wa Torrens
* Ushuru wa stempu